Kama Nyumba Inayoungua

Swali lenyewe lilikuwa dogo, na Chepkemboi angelisahau siku ya pili yake kama lingeulizwa mwaka mwingine. Walikuwa wamekaa uani mchana wa Jumamosi wakipukuchua mahindi, yeye na mpangaji wake Moureen, na mazungumzo yalikuwa yale ya kusukuma kazi tu: mvua, ng'ombe aliyegoma kutoa maziwa, mchungaji mpya ambaye mahubiri yake hayaishi. Ndipo Moureen akauliza, bila kuinua macho, kama Wakipsigis wana maneno mengi ya moto.

"Maneno ya moto namna gani?"

"Yaani, Mama, mtu akichoma kitu. Ama kitu ikilipuka. Mnaisema aje?"

Chepkemboi alisema moto ni moto, kwa Kipsigis ni maat, na ukichoma umechoma. Kisha akasimama akaenda kumwangalia ng'ombe ambaye hakuwa na haja ya kuangaliwa.

Alikuwa na sababu ya kushtuka. Mwezi uliotangulia, ng'ambo ya bonde, mashine ya kuchuma majani ya chai ya shamba moja kubwa ilikuwa imeteketezwa mchana kweupe. Moshi mweusi wa mpira ulipanda juu ya majani yale ya kijani, na watu wa kuelekea Kabianga wakasimama barabarani kutazama. Hakukamatwa mtu. Sababu, hata hivyo, haikuwa siri. Mashine moja inafanya kazi ya mikono mingi, na mikono hiyo ina watoto nyumbani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, wahenga walisema. Chepkemboi hakuwa ameumwa bado, lakini nyoka alishapita kwa jirani, na yeye kwake alikuwa na mashine mbili.

Hazikuwa zake peke yake. Zilikuwa za kikundi cha akina mama kumi na wawili wenye mashamba madogo, naye ndiye mwenyekiti wao. Zilikuwa zile za kushikwa na watu wawili, mmoja upande huu wa mstari wa michai na mwingine ule, na nyuma mfuko wa kupokea majani. Zilikaa kwenye stoo yake, pamoja na mtungi wa petroli, na stoo hiyo ilikuwa imepakana ukuta kwa ukuta na chumba cha Moureen.

Siku mashine zilipokuja, wachumaji waliambiwa wasirudi. Mmoja wao alikuwa Nyambeki, mama wa Kisii aliyechuma majani kwa Chepkemboi miaka tisa. Kwa miaka hiyo yote chai ya saa nne waliinywa pamoja, kwenye jiko moja, na mume wa Chepkemboi alipofariki ni Nyambeki aliyelala naye wiki mbili ili nyumba isiwe na sauti moja tu. Hata hivyo Chepkemboi hakumwita wakakaa wakaongea. Alimpigia simu, akasema maneno machache, akakata kabla hajajibiwa. Tangu hapo wakikutana njiani walisalimiana kama watu wanaochelewa mahali.

Moureen naye alitoka Kisii. Alikuwa mwaka wa tatu chuoni, akisomea ualimu wa Kiingereza na Kiswahili, na tangu Januari hakuwa amempa Chepkemboi sababu ya kumlaumu. Alifagia uwanja bila kuambiwa, alisalimia wazee vizuri. Lakini baada ya swali lile Chepkemboi alianza kumtazama kwa jicho la pili, na jicho la pili likishafunguka halifungiki kirahisi.

Kesho yake, Jumapili, wakati watu wakitoka kanisani, alimwona Moureen kando ya lango akiwa na Nyambeki. Msichana alikuwa ameshika simu karibu na mdomo wa Nyambeki, na Nyambeki alikuwa akiongea kwa lugha yao, mikono ikienda juu kama mtu anayeeleza kitu kikubwa kinavyoanguka. Walikuwa wakicheka. Chepkemboi alipokaribia kicheko kilikatika. Wakamsalimia kwa Kiswahili, akaitikia, na hakuna aliyeongeza neno.

Jumatatu alipofungua stoo aliona mtungi wa petroli hauko pale alipouacha. Aliuinua. Ulikuwa umepungua. Ufunguo wa stoo ulining'inia kwenye msumari jikoni, na kila aliyewahi kunywa chai pale aliujua, lakini aliyelala ukuta kwa ukuta na stoo alikuwa mmoja tu, Moureen.

Jumanne alfajiri, akichuma sukuma wiki nyuma ya bafu, alimsikia Moureen akiongea kwa simu upande wa pili wa mabati. Aliganda, jani mkononi.

"Moto nimemaliza," Moureen alisema. "Imebaki tu milipuko. Hapana, haiwezi kungoja. Mzee amesema Ijumaa ni Ijumaa."

Ijumaa ilikuwa siku ya kikundi. Akina mama wote kumi na wawili wangekuwa uani kwake.

Msichana alipoondoka kwenda darasani, Chepkemboi alizunguka uwanja bila kujua anatafuta nini, na chini ya kamba ya nguo akaokota karatasi iliyokunjwa mara nne, umande umeilowesha upande mmoja. Ilikuwa ya Kiingereza. Yeye aliacha shule darasa la saba, na Kiingereza kilichobaki kichwani kilikuwa cha kusoma gunia la mbolea. Lakini faya, yaani moto, aliijua, na ilikuwa imejaa karatasi nzima. Aliijua bani, kuungua. Aliijua hausi, nyumba. Na chini kabisa, kwa mwandiko mzuri kama wa kitabu, aliona jina la Nyambeki, na kando yake jina lake mwenyewe.

Aliichukua hadi dukani kwa Vivian, aliyefika kidato cha tatu. Alingoja mteja wa sukari aondoke ndipo akaiweka juu ya kaunta. Vivian alisoma polepole, akitia kidole kila mstari, kwanza Kiingereza, kisha Kiswahili.

"Burn your bridges. Choma madaraja yako. Fight fire with fire. Hii ni kupigana na moto kwa moto. Drop a bombshell, ni kuangusha bomu. Keep the home fires burning." Alisita. "Moto wa nyumba iendelee kuwaka."

Kulikuwa na daraja moja tu la mbao kati ya kwake na kituo cha kupimia majani. Chepkemboi aliliona kichwani likiwaka.

"Hapa kuna fired, halafu ameandika Nyambeki. Fired inaweza kuwa kupigwa risasi, ama kuwashwa, sijui." Vivian alifika mstari wa mwisho, akaondoa kidole.

"Soma."

"Mama, labda sijaelewa vizuri."

"Soma tu."

"Nyambeki and Mama Chepkemboi, like a house on fire. Nyambeki na Mama Chepkemboi, kama nyumba inayoungua."

Chepkemboi aliikunja karatasi, akaitia kifuani. Alimwomba Vivian asimwambie mtu, na kumwomba mwenye duka jambo hilo ni kama kulitangaza mwenyewe kanisani. Jioni hiyo Moureen alikwenda kununua mshumaa na kibiriti, kwa sababu stima ilikuwa imepotea, akaambiwa vimekwisha, ingawa vilikuwa vimepangwa rafuni nyuma ya Vivian.

Jumatano Chepkemboi alizihamisha mashine kwa toroli hadi kwa Janeffer, mwenzake wa kikundi, akisema tu kwamba stoo inavuja. Nyumbani kila kitu kilikuwa na sura mbili. Moureen alipopiga mluzi akifua, ulikuwa mluzi wa mtu asiye na neno, na papo hapo ulikuwa mluzi wa mtu anayeficha neno. Alipomletea kikombe cha chai, kama alivyozoea, Chepkemboi alisema tumbo linamsumbua, kisha akaimwaga kwenye migomba. Alijiona mjinga wakati akiimwaga, lakini hakuacha.

Alhamisi alienda kwa Kipkurui, mzee wa nyumba kumi. Kipkurui alimsikiliza, akaiangalia karatasi juu chini, akasema jambo hili limemzidi kimo. Saa nane alikuja na Johana, naibu wa chifu. Johana alikuwa na cheti chake cha kidato cha nne na Kiingereza cha kutosha kuandika ripoti, lakini aliisoma karatasi ile akiwa tayari ameambiwa ni ya nini, na mtu akishaambiwa maana kabla ya kusoma, huona ile aliyoambiwa. Aliuliza kama kuna ufunguo wa akiba wa chumba cha Moureen. Chepkemboi akautoa. Waligeuza godoro, wakamwaga mkoba, wakatoa daftari mbili zilizojaa maneno yale yale. Walikuta pia kibiriti chenye njiti tatu, wakakiweka juu ya meza kama ushahidi.

Habari zilikuwa zimetangulia. Moureen aliporudi saa kumi, mkoba begani, alikuta watu ishirini na zaidi kwenye lango, na baadhi ya vijana wameshika fimbo ambazo hazikuwa za kuchungia. Walimpisha apite. Halafu wakaifunga njia nyuma yake.

Aliona mlango wake uko wazi. Aliona godoro. Alimtazama Chepkemboi kwanza, kabla ya wale wanaume, na Chepkemboi akatazama pembeni.

Johana alimwonyesha karatasi akamuuliza kama ni maandishi yake. Alisema ni yake. Akamuuliza kama ni kweli alisema kwa simu kwamba amemaliza moto na imebaki milipuko. Moureen akakaa kwenye ngazi ya mlango wake. Chepkemboi, aliyekuwa karibu naye, alimwona akiuweka mkoba magotini. Ni hapo wasiwasi ulipoanza kumgeukia yeye mwenyewe. Mtu aliyekuja kuchoma nyumba, alifikiri, asingekaa kwenye ngazi yake.

Moureen alipoanza kuongea aliongea polepole, kama anafundisha darasa la watoto wenye woga. Alisema anaandika kazi ya mwisho ya mwaka. Kazi hiyo ni ya misemo ya Kiingereza inayotaja moto, kuungua na milipuko, kwa sababu Waingereza huutaja moto hata pale ambapo hakuna hata cheche, na wanafunzi wa huku hupotea wakiisoma. Alikuwa akiilinganisha na misemo ya Kiswahili, ya Kipsigis na ya Kikisii. Sura ya moto alikuwa ameimaliza, na sura ya milipuko ilikuwa imebaki. Mzee ni mwalimu wake, na Ijumaa ni siku ya kuikabidhi.

"Kuchoma madaraja," alisema, "ni kuachana na watu vibaya mpaka huwezi kuwarudia. Moto wa nyumbani kuendelea kuwaka ni kutunza boma wakati wenyewe wako mbali. Kupigana na moto kwa moto hata sisi tunayo, tunasema dawa ya moto ni moto. Kuangusha bomu ni kusema habari ya kushtua watu." Alimgeukia Johana. "Na fired ni kuachishwa kazi. Hiyo niliandika Nyambeki kwa sababu ndiye alinieleza vile inauma."

Johana alikuwa ameirudia karatasi, na midomo yake ilisogea kama ya mtu anayeisoma mara ya kwanza. Hakumtazama mtu.

Ni Kipkurui aliyeuliza kuhusu mstari wa mwisho.

"Hiyo," Moureen alisema, na sasa alikuwa akimwambia Chepkemboi peke yake, "Waingereza wanasema juu ya watu wawili wanaopatana sana. Watu walioelewana siku ya kwanza, na wakikaa pamoja hawachoki. Moto ukishika nyumba ya nyasi unaenda mbio, na urafiki wao pia ulishika hivyo. Nilimuuliza Nyambeki kama amewahi kuwa na rafiki wa aina hiyo. Akanitajia wewe."

Kijana mmoja langoni alisema hayo ni maneno tu, nani ataamini. Moureen alitoa simu akaicheza sauti aliyonasa Jumapili. Sauti ya Nyambeki ilijaa uwanjani kwa Kikisii, na watu wakatazamana, kwa sababu hawakuelewa. Ndipo Omariba, Mkisii, fundi wa viatu wa pale sokoni, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, mahali ambapo mtu wa jamii yake alidhani ni salama kusimama siku kama hiyo, akasogea mbele kofia mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema mama huyu anasimulia siku walipopika ugali yeye na Mama Chepkemboi, sufuria ikaanguka, na wakacheka hadi majirani wakaja kuuliza nani amefariki. Anasema hajui kilichomfanya rafiki yake amwondoe kwa simu. Lakini akiulizwa rafiki, hana mwingine wa kutaja.

Chepkemboi aliisikia ile habari ya sufuria, akaikumbuka. Alitamani mtu aseme neno lolote, hata la kumtukana.

Aliyesema alikuwa Janeffer. Alisema kwa sauti ndogo kwamba petroli ni yeye aliyechukua Jumamosi jioni, akaitia kwenye mashine mle mle stoo ili kuzijaribu, na akasahau kusema. Baada ya hapo watu walianza kuondoka mmoja mmoja, wenye fimbo wakiwa wa kwanza. Johana aliomba radhi kwa niaba ya ofisi, Kiingereza kidogo na Kiswahili kidogo, akaenda zake. Kibiriti kilibaki juu ya meza.

Chepkemboi aliingia akasaidia kurudisha godoro. Alisema amekosa. Alisema hofu ilimla akili, na kwamba hakuna ombi la msamaha linalotosha kwa mtoto wa mtu ambaye umewapa wengine ufunguo wa chumba chake. Moureen aliendelea kupanga daftari zake.

"Nimekusamehe, Mama," alisema mwishoni. "Lakini sitakaa hapa tena."

Ijumaa alipeleka kazi yake. Jumamosi alifunga vitu vyake kwenye pikipiki, godoro juu, akaenda.

Chepkemboi alidhani jambo limeishia hapo. Halikuishia. Maji yakimwagika hayazoleki, na lile alilolimwaga dukani kwa Vivian lilikuwa limeteremka hadi sokoni Kabianga. Baada ya siku nne alisikia kwamba Moureen analala chini kwa rafiki yake, kwa sababu kila akienda kuomba chumba, mwenye nyumba humwuliza kama ndiye yule msichana wa mabomu. Basi Chepkemboi alivaa viatu vyake vya kanisani akamfuata. Walitembea pamoja, bila mazungumzo mengi, kwa wenye nyumba watatu. Kila mlango Chepkemboi alisema yale yale: kwamba yeye ndiye aliyeanzisha uongo huo, jina lake ni Chepkemboi, anajulikana anakoishi, na kama kuna wa kuogopwa basi ni yeye. Wa kwanza aliwasikiliza akakataa. Wa pili hakufungua. Wa tatu alikuwa mama mmoja mgonjwa wa miguu, aliyecheka kidogo na kusema yeye anahitaji mtu wa kumpelekea maji, bomu atalala nalo.

Chepkemboi alimwacha Nyambeki kuwa wa mwisho, kwa sababu aliogopa. Alimkuta nyuma ya soko, mbele ya chumba alichopanga, akikaanga mandazi kwenye jiko la makaa. Nyambeki hakusimama. Alimwonyesha kigoda, akaendelea kugeuza mandazi, na Chepkemboi akasema yote tangu mwanzo bila kujipunguzia. Alisema pia habari ya ile simu. Alisema alikata haraka kwa sababu asingeweza kusikia jibu.

Nyambeki alitoa mandazi yaliyoiva, akaweka mengine, ndipo akaongea.

"Miaka tisa," alisema. "Halafu ukasikia jina langu na moto pamoja, ukajua ni mimi."

Chepkemboi alibaki pale pale kwenye kigoda. Nyambeki alimmiminia chai, akamwambia hatarudi kuchuma majani hata mashine zikiuzwa zote. Mandazi yanamtosha, na mgongo umeshapumzika. Akauliza kama yule ng'ombe bado anagoma. Chepkemboi alisema bado. Nyambeki akasema ng'ombe huyo anataka kuimbiwa, alimwambia zamani, hakuna anayesikia.

Mawingu yalipoanza kushuka Chepkemboi aliaga. Nyambeki alibaki kwenye jiko lake, hakumsindikiza. Wiki iliyofuata Chepkemboi alirudi, akanunua mandazi kama mteja mwingine yeyote, akakaa kidogo, akaondoka peke yake. Mara ya tatu mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa ya utelezi, na Nyambeki alifunga jiko, akajitanda leso, akatembea naye hadi kwenye mtaro wa barabara. Hapo akasimama, akangoja mpaka mwenzake avuke.